Vin Scully: niliyoyapata kwa mtangazaji wa besiboli nikiwa nalea wazee Los Angeles

Siku Vin Scully alipofariki niliweka picha yake kwenye stetasi ya WhatsApp, haikupita nusu saa mdogo wangu wa Tanga akanitumia voisi, eti dada huyo babu wa kizungu ndo nani, au ndo shemeji mwenyewe umetuficha miaka yote hii? Nilicheka mpaka machozi, alafu nikaanza kumjibu nikajikuta naandika nafuta naandika nafuta, manake utaanzia wapi kumweleza mtu wa Chumbageni kwamba unamlilia mtangazaji wa besiboli, mchezo ambao pale mtaani ukiuliza nyumba kwa nyumba hupati hata mmoja anayejua unachezwaje. Nikamwambia subiri nitakuandikia vizuri. Haya sasa, vizuri ndo hivi.

Kwanza kwa wasiomjua kabisa. Vin Scully alizaliwa Bronx, New York, tarehe 29 Novemba 1927. Mwaka 1950 akaajiriwa kutangaza mechi za Brooklyn Dodgers, na timu ilipohamia Los Angeles mwaka 1958 akahama nayo, akaendelea hadi 2016 alipostaafu akiwa anakaribia miaka 89. Misimu 67, timu moja. Yaani alianza kutangaza Mwingereza akiwa bado anatawala Tanganyika, akaja kuacha Magufuli yuko Ikulu. Akafariki nyumbani kwake Hidden Hills, tarehe 2 Agosti 2022, ana miaka 94, na hapa mjini watu wazima nimewaona kwa macho yangu wanalia kama wamefiwa na baba.

Mimi nilimjua kwa sababu ya kazi. Huku majuu kila mtu na boksi lake la kubeba, langu lilikuwa kulea wazee majumbani, na nilipata mzee mmoja kule San Fernando Valley, bintiye ndo aliyenichukua. Mzee mwenyewe kazaliwa Brooklyn, kahamia California akiwa kijana, timu yake ikamfuata nyuma, kwa hiyo alikuwa anaamini kabisa kwamba Dodgers walihama kwa ajili yake. Kumbukumbu ilikuwa imeanza kumtoka. Jina langu alikuwa analipata asubuhi, mchana limepotea, jioni ananiita jina la marehemu mkewe. Lakini saa moja na dakika kumi jioni, msimu wa besiboli, hakuna cha kusahau, redio iwe imeshawashwa, mto umewekwa mgongoni, na maji ya kunywa yako karibu asije akanisumbua katikati.

Alafu inaingia ile sauti. Alikuwa anafungua kwa kusema ni wakati wa besiboli ya Dodgers, na kuwatakia watu wote jioni njema sana popote walipo. Maneno ya kawaida tu, ukiyaandika hivi hayana kitu. Ila mi nilikuwa mgeni kwenye huu mji ambao unaweza kukaa miezi hujasalimiwa na jirani, na huyu Vin kila jioni ananiambia popote ulipo, na mi nilipo ni kwenye kiti cha jikoni kwa watu, miguu imevimba, nikasema huyu anajua nipo.

Sasa besiboli yenyewe. Nisiwadanganye, mwanzoni niliona ni ujinga. Saa tatu nzima mtu anarusha mpira mwingine anajaribu kuugonga na gongo, mara nyingi anaukosa, wanasimama, wanatema mate, wanarekebisha glovu, wanaanza tena. Kwenye soka mpira unakwenda wenyewe, mtangazaji anaukimbiza tu, lakini kwenye besiboli kati ya mpira mmoja na mwingine pana nafasi kubwa haina kitu ndani yake na ni mtangazaji aamue ataijaza na nini. Wengi wanaijaza na takwimu, au wako wawili watatu wanataniana wao kwa wao. Vin alikuwa anafanya peke yake. Hakuwa na mwenzake wa kupiga naye soga humo ndani, kwa hiyo soga zote alikuwa anapiga na wewe.

Na hadithi zake sasa. Kuna ile ya nyoka, mpaka leo video yake inazunguka mitandaoni. Kulikuwa na mrushaji wa San Francisco Giants anaitwa Madison Bumgarner, jibaba la North Carolina, mtu wa shamba na farasi. Vin anaanza kukuambia jamaa huyu na mkewe siku moja walikutana na nyoka mkubwa. Anakatiza, mpira umerushwa, anataja straiki au boli (mrusho unaohesabiwa dhidi ya mpigaji au dhidi ya mrushaji), anarudi. Bwana akachukua shoka akamcharanga nyoka. Anakatiza tena, mpira mwingine. Mke akachungulia akaona kumbe nyoka alikuwa amemeza vitoto vya sungura. Mpira! Kimoja kilikuwa bado kinapumua. Mpira! Wakakibeba kwenda nacho wanapokaa wakakilea mpaka kikapona, wakakiachia kiende zake. Na katika kusimulia yote hayo hakuna mpira hata mmoja uliopita bila kutajwa, na hakuna sehemu ya hadithi iliyopotea. Ukitaka kujua ugumu wake jaribu kusimulia kitu huku unahesabu chenji za dukani kwa sauti.

Mi nikaichukua hiyo nikaitia kwenye kazi. Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau kumwogesha ni shughuli, anaogopa maji, anaona unamvua nguo kwa nguvu, atakupiga ngumi na wala hana ubaya. Niliona nikimwambia sasa inua mkono, sasa geuka, anakuwa mkali. Lakini nikianza hadithi, tulivyokuwa tunaanika betri za redio juani Tanga ili zirudi nguvu, baba yangu anazipanga juu ya bati kama dagaa, alafu katikati ya hadithi naingiza, mkono huu hapa, haya, alafu mama akaja akazianua akadhani… mguu kidogo, safi, akadhani zimeharibika. Tunamaliza kuoga hajui tumemalizaje. Na anataka kujua betri zilipona au hazikupona. Bintiye alikuwa ananiuliza nina dawa gani, namwambia dawa iko kwenye redio, ananicheka.

Kuhusu huyo baba yangu na betri, hapo ndo nilipomwelewa Vin zaidi. Vin mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba akiwa na miaka minane nyumbani kwao kulikuwa na redio kubwa ya kusimama kwa miguu, akawa anaingia chini yake na mto, biskuti za chumvi na glasi ya maziwa, analala hapo chini ya spika anasikiliza mechi za mpira wa vyuo. Hakuwa anajali nani kafunga. Alichokuwa anataka ni ule mngurumo wa watu wakishangilia, unamshukia kutoka juu. Nilipoisikia hiyo nikamwona baba kabisa, sikio kwenye redio, RTD, Coastal Union wanacheza ugenini na yeye yuko Tanga lakini jasho linamtoka kama yuko benchi. Mwaka 1988 Coastal wakachukua ubingwa wa Tanzania. Mpaka anaingia kaburini baba alikuwa anajua goli kwa goli mechi ambazo hakuziona hata moja, alizisikia. Kwa hiyo mzee wa Brooklyn na mzee wa Tanga, mi niliona ni mtu mmoja amegawanywa mara mbili.

Mwaka 2014 mambo yakaharibika. Haki za kuonyesha Dodgers kwenye TV ziliuzwa kwa mapesa ya ajabu, alafu kampuni za kebo na satelaiti zikaanza kuvutana bei, na matokeo yake nyumba nyingi sana za Los Angeles hazikupata mechi. Ugomvi wenyewe uliendelea mpaka 2020. Fikiria, mtu ametangaza zaidi ya miaka 60, yuko kwenye misimu yake ya mwisho, na mji wake hauwezi kumwona kwa sababu ya matajiri kubishana. Hasira zangu kwa hilo hazijaisha na sitegemei ziishe.

Kilichobaki ni redio. Vin alikuwa kwenye TV, lakini iningi tatu za mwanzo (iningi ni kama kipindi, mechi inazo tisa) sauti yake ilikuwa inarushwa na redio pia, 570 AM. Iningi ya nne ikianza redio wanaingia watangazaji wengine, Vin anaendelea kwenye TV ambayo sisi hatuna. Sasa jaribu kumweleza hivyo mtu anayesahau. Kila siku, kila siku, iningi ya nne ikiingia mzee wangu anageuka ananiangalia. Vin amekwenda wapi? Namwambia yuko kwenye TV. Washa TV. TV hatuna hiyo chaneli. Kwa nini? Naeleza. Anakasirika, ana haki. Baada ya dakika tano, Vin amekwenda wapi? Anaumwa? Kuna siku alitaka kuvaa viatu aende akamwangalie.

Kwa hiyo nikawa namtafutia rekodi za zamani kwenye simu, nazima redio mwisho wa iningi ya tatu nawasha simu. Aliyoipenda kuliko zote ni ya tarehe 9 Septemba 1965, mrushaji wa Dodgers Sandy Koufax anawarushia Chicago Cubs mchezo kamili, maana yake hakuna hata mpigaji mmoja wa Cubs aliyefika bezi ya kwanza, kile kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, usiku mzima. Mzee alisema alikuwepo uwanjani. Mi nimeshakutana na wazee wengi wa mji huu waliokuwepo uwanjani usiku ule, nikiwajumlisha na watakaokuja naona uwanja ungepasuka, lakini sibishani nao. Waliohudhuria walikuwa 29,139, na hiyo idadi naijua kwa kichwa kwa sababu Vin mwenyewe anaitaja kwenye rekodi.

Na kuna kitu kingine anakitaja. Iningi ya mwisho ile, katikati ya presha, Vin anakuwa anasema saa. Anaanza mapema, mara moja, mara ya pili, na Koufax anapomaliza kazi, baada ya kelele kupungua, anasema kwenye ubao wa matokeo kulia mwa uwanja ni saa tatu na dakika 46 usiku katika jiji la Malaika, Los Angeles, California. Alikuja kueleza kwamba alijua Koufax atataka kuitunza ile rekodi, kwa hiyo akaipiga muhuri wa wakati, ili miaka ijayo akiisikiliza ajue ni lini hasa.

Watu wa kazi yangu wataelewa kwa nini hilo lilinigusa. Mtu anayepoteza kumbukumbu moja ya vitu tunavyofundishwa ni kumkumbusha yuko wapi na ni lini, bila kumtahini. Wengi wetu tunafanya vibaya, unamsikia mtu anamuuliza bibi wa miaka 90, unajua leo siku gani? Hajui, anaaibika, siku imeharibika. Vin hakumuuliza mtu saa ngapi. Aliitaja tu katikati ya maneno mengine kama zawadi. Nikaanza kufanya hivyo, naingia na chai nasema jua kali leo kwa Jumanne ya mwezi wa tisa hapa Northridge, binti yako anakuja Alhamisi. Sijamuuliza kitu. Kapata kila anachohitaji, na hajaona kama nimempa mtihani.

Lakini kikubwa zaidi ni kunyamaza kwake. Hili nataka nilikalie kidogo manake ndo sababu hasa naandika.

Mwaka 1955 Brooklyn walipata ubingwa wao wa kwanza na wa pekee wakiwa Brooklyn, wamewafunga Yankees mechi ya saba, Johnny Podres anarusha. Watu walikuwa wamesubiri maisha yao yote. Vin, kijana wa miaka 27, akasema mabibi na mabwana, Brooklyn Dodgers ni mabingwa wa dunia. Akanyamaza. Watu walidhani ni ufundi, baadaye akasema ukweli ni kwamba angeongeza neno moja tu angelia hewani.

Mwaka 1974, tarehe 8 Aprili, Atlanta. Hank Aaron, mtu mweusi, amebakiza homurani moja, yaani ule mpira unaopigwa ukatoka nje kabisa ya uwanja wa kuchezea, kumpita mchezaji wa zamani Babe Ruth ambaye alikuwa na 714 na ambaye kwa wazungu wengi wa huku alikuwa kama mungu mdogo. Aaron alikuwa ameshapokea barua za matusi na vitisho vya kuuawa kwa magunia. Mrushaji ni Al Downing wa Dodgers, kwa hiyo Vin yupo pale na timu ya wageni. Aaron akaupiga ukaenda. Vin akaacha. Aliinuka akarudi nyuma ya kibanda cha matangazo akawaachia watu uwanja, zinasikika kelele na fataki peke yake. Aliporudi kwenye maiki ndipo akasema kwamba mtu mweusi anashangiliwa na watu wamesimama, Kusini kabisa mwa nchi, kwa kuvunja rekodi ya mchezaji aliyeabudiwa miaka yote, na kwamba ni wakati wa ajabu kwa nchi na kwa dunia. Mi nimeisikiliza hiyo nikiwa peke yangu kwenye gari mara nyingi. Mzungu wa mwaka 1974 ambaye angeweza kusema amepiga, amevunja rekodi, hongera, akaishia hapo. Yeye alisema kitu chenyewe kwa jina lake. Ila alikisema baada ya kuwaacha watu kwanza wapige makofi yao. Sijui kama ni kwa sababu alikuwa ameshafanya kazi karibu na Jackie Robinson, yule mchezaji mweusi wa Dodgers aliyevunja ubaguzi kwenye ligi kuu, miaka yake ya mwanzo, alikuwa anasimulia siku moja hotelini huko milimani New York, Robinson ambaye hajawahi kuvaa viatu vya kuteleza kwenye barafu anamwambia twende tushindane, Vin anamwambia hujui, Robinson anasema ndo nitakavyojifunza.

Alafu 1988, mwaka ule ule wa Coastal. Mechi ya kwanza ya fainali na Oakland, Dodgers wako nyuma, wametoka wapigaji wawili, akitoka wa tatu mechi imeisha, mmoja yuko bezi, na anaingia Kirk Gibson ambaye miguu yote miwili mibovu hata kutembea ni shida. Dennis Eckersley anarusha, mrushaji wa kumalizia mechi aliyekuwa anaogopwa kuliko wote. Gibson akaupiga na mikono tu. Vin akasema ni mpira wa juu kuelekea kulia, umekwenda. Kisha zaidi ya dakika nzima, kwenye televisheni ya taifa, hakusema kitu. Unamwona Gibson anachechemea kuzunguka bezi, watu wamechanganyikiwa. Ndipo akasema, katika mwaka ambao haukuelekea kabisa, lisilowezekana limetokea.

Mzee wangu alifariki mwaka mmoja baada ya Vin kustaafu, nyumbani, kitandani kwake. Tulikuwa wawili tu chumbani, mi na bintiye. Huku watu msiba unawatia wasiwasi, mtu akifariki wanaanza kuongea, kuulizana karatasi, kupiga simu, kusema yuko mahali pazuri sasa. Kwetu unajua, unaingia, unasema pole, unakaa kwenye mkeka, basi, kukaa kwenyewe ndo kazi. Lakini kwenye ajira tunafundishwa kusema maneno ya faraja, kuna karatasi yake kabisa yenye sentensi za kusema. Mi sikuisoma ile karatasi. Nilikaa. Bintiye alimshika mkono babaake muda mrefu, na nilikuwa naweza kusema kitu na kila nilichokifikiria kilikuwa kinaingia katikati yao. Baadaye sana ndo nikamwambia ni saa kumi na nusu alfajiri, Jumamosi. Aliniambia miezi ikishapita kwamba alishukuru kuijua hiyo saa.

Nirudi kwa Vin mwenyewe. Alikuwa analipwa na Dodgers, lakini hukumsikia akisema sisi. Timu ilikuwa Dodgers, sio sisi. Mchezaji wa upinzani akifanya vizuri anamsifia kama wa nyumbani. Na mi nikiwasikiliza baadhi ya watangazaji wetu wa sasa hivi huko nyumbani, sitataja mtu, wanavyopiga makelele mpaka maiki inakwaruza, goli limeingia mtu ana misemo ishirini ameiandaa tangu wiki iliyopita lazima aimalize yote, natamani mtu awapelekee rekodi moja ya Vin. Moja tu. Uwanja mzima unaimba na wewe unaongea juu yake, unaongea na nani?

Walipohamia Los Angeles walikuwa wanachezea Coliseum, uwanja mkubwa kupita kiasi uliojengwa kwa mambo mengine, watu wa nyuma hawaoni vizuri na mchezo wenyewe wengi walikuwa bado hawajauzoea. Wakawa wanakuja na redio ndogo za transista, wanaangalia uwanjani na wanamsikiliza Vin hapo hapo. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba sauti yake inasikika uwanja mzima. Mwaka 1960 aliwaambia wasikilizaji leo ni siku ya kuzaliwa ya refa Frank Secory, nikihesabu moja mbili tatu tumpigie kelele za hongera, akahesabu, na maelfu ya watu wakampigia refa kelele, refa akashangaa kabisa.

Nisije nikaonekana nauza timu lakini. Huo uwanja wa Dodgers uliofunguliwa 1962 umejengwa kwenye ardhi ya Chavez Ravine ambako familia za Wameksiko ziliondolewa, za mwisho zilibebwa na polisi mwaka 1959. Mwenzangu kazini, mama mmoja mwenye asili ya Meksiko, aliniambia bibi yake aliapa hatakanyaga pale. Akaja kukanyaga 1981, baada ya kutokea kijana mnene wa Sonora, Meksiko, anaitwa Fernando Valenzuela, anarusha mpira macho yameangalia mbinguni, na mji mzima ukapagawa. Kwao walikuwa wanamsikiliza Jaime Jarrín, mtangazaji wa Kihispania, mtu wa Ekuado, naye aliitangaza timu tangu 1959 hadi 2022. Kwa hiyo nilipomwambia huyu mama sauti ya Dodgers ni Vin alinisahihisha haraka sana, sauti zilikuwa mbili. Ila hata yeye alikuwa anajua kwamba mwaka 1990 Fernando alipomaliza mechi bila kugongwa hata mpira mmoja salama, Vin alisema kama una sombrero, ile kofia pana ya Kimeksiko, irushe angani. Bibi alikuwa nayo, mama huyu anasema, na aliirusha sebuleni.

Vin maisha hayakumbembeleza. Mke wa kwanza alifariki 1972. Mtoto wake Michael alikufa kwenye ajali ya helikopta 1994. Sandra, mkewe wa pili waliyekaa pamoja karibu miaka 50, akafariki Januari 2021. Mtu akimsikiliza hewani asingejua.

Mechi zake sita za mwisho mwaka 2016 zilirushwa kwenye chaneli ya bure, hatimaye, na mzee wangu akamwona. Ya mwisho nyumbani ilikuwa tarehe 25 Septemba, Charlie Culberson akapiga homurani ya ushindi iningi ya kumi ambayo pia iliwapa ubingwa wa kundi lao, na Vin akawaambia mashabiki kwamba yeye amewahitaji wao kuliko wao walivyowahitaji yeye. Na mechi ya mwisho kabisa ilikuwa San Francisco tarehe 2 Oktoba, miaka 80 kamili tangu mtoto wa miaka minane alipopita mbele ya duka la dobi wa Kichina New York akaona matokeo yamebandikwa, Giants wamepigwa na Yankees 18 kwa 4, akawaonea huruma Giants akawa shabiki wao. Akamalizia na hao hao. Mzee wangu aliangalia yote mpaka mwisho, alafu akaniuliza kesho mechi saa ngapi.

Na usiku aliofariki Vin, Dodgers walikuwa tena San Francisco. Siku zilizofuata watu waliweka maua na kofia kwenye kibao cha uwanja, barabara yenyewe inaitwa Vin Scully Avenue tangu 2016. Nilipita na yule mama wa kazini tukitoka zamu ya usiku. Tulikuta baba mmoja ameleta redio ya transista ya babaake ameiweka chini kati ya maua, imezimwa, antena juu. Mama akasema wataiba. Tukakaa kidogo tukiilinda mpaka tukaona tunajichekesha wenyewe, tukaondoka.

Sasa hivi nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, sio mmoja mmoja tena. Anayetangaza ni kijana Joe Davis, na nilikuwa namwekea kinyongo kama watu wanavyomwekea mama wa kambo. Mpaka Oktoba 2024, mechi ya kwanza ya fainali na Yankees, iningi ya kumi, wametoka wawili, bezi zimejaa, Freddie Freeman anaingia na kifundo cha mguu kibovu, akaupiga kuelekea kulia kule kule kwa Gibson. Davis akasema umekwenda, kwa maneno yale yale ya Vin, akaongeza Gibby kutana na Freddie, kisha akauachia uwanja. Sebuleni wazee wanapiga magongo yao ya kutembelea chini, bibi mmoja ambaye huwa haongei alikuwa anapiga mbinja, na mi nimesimama na trei ya dawa za usiku imeshachelewa. Hakuna aliyelala kabla ya saa tano. Kwenye ripoti ya zamu kuna sehemu ya kuandika sababu ya dawa kuchelewa, nikaandika besiboli, nikaweka na saa.